Anza na Mlango wa Uani: Mwongozo kwa Aliyetoka Jela Mombasa

Nilihukumiwa miaka 6 kwa kuvunja bohari na kuiba. Nikatumikia 4 gereza la Shimo la Tewa, kwa sababu sheria ya magereza humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu thuluthi moja ya kifungo chake (si wote, wa kifungo cha maisha hapati punguzo hilo). Leo nina karakana ya useremala Mshomoroni, na mara kwa mara hunijia mtu aliyetoka juzi, kifurushi mkononi, macho chini, akiuliza aanzie wapi. Haya ndiyo ninayomwambia, tukiwa tumekaa juu ya mbao na kikombe cha kahawa tungu.

Tujue kwanza tunazungumza habari gani. Kwa sheria ya Kenya, jinai kubwa ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka 3 au zaidi. Kinachotazamwa ni adhabu iliyowekwa na sheria, kwa hiyo hata kama hakimu alikufunga miezi 8 tu, kosa lako laweza kuwa ni katika yale makubwa. Wako wanaotoka wakidhani kifungo kifupi hakina jina. Kinalo, na ni afadhali ulijue jina hilo wewe mwenyewe kabla ya kuambiwa na mwajiri.

Kabla lango halijafunguliwa

Kama ndugu yako angali ndani, mpelekee maneno haya siku ya kumtembelea. Miezi ya mwisho ni ya kukusanya karatasi.

Akiwa amejifunza ufundi ndani, useremala, ushonaji, uashi, umeme, basi afanye mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, kabla hajatoka. Unaanza gredi ya tatu, unapanda ya pili, kisha ya kwanza. Ni mtihani wa serikali, na cheti hutolewa na NITA. Anayekisoma anaona fundi wa gredi fulani, haoni mfungwa. Nilikuwa na wenzangu wawili waliosema watafanya wakitoka. Nje kuna kodi, kuna unga wa ugali, kuna mtoto anayetaka viatu vya shule. Hakuna aliyefanya.

Aulizie pia vitu vilivyoandikwa siku alipoingia: kitambulisho, simu, pesa. Na ile karatasi ya kuachiliwa, atoe kopi tatu siku ileile anayotoka. Moja akae nayo, moja ampe mama, moja kwa mtu wa tatu anayemwamini. Ukipoteza karatasi hiyo na ukakutana na askari anayekujua kwa sura, utajieleza mpaka jioni.

Halafu Idara ya Probesheni. Wengi hudhani ni ya wale waliopewa kifungo cha nje tu. Kazi yake nyingine ni kumfuata aliyetoka: kuzungumza na familia kabla hajafika, kumwelekeza kwenye chuo, wakati mwingine kumtafutia vifaa vya kazi. Hawatakuja kukutafuta ulipo. Omba kuonana na afisa wa probesheni ukiwa bado ndani.

Siku tatu za kwanza

Gereza liko kando ya barabara ya Malindi, kabla ya daraja la Mtwapa. Siku niliyotoka nilisimama ukingoni mwa barabara ile nikashindwa kuvuka. Miaka 4 sikuwa nimeona kitu kinachokwenda mbio kuliko askari anayekimbia, na sasa matatu zikipita sikuweza kukisia iko mbali au iko karibu. Mama mmoja muuza mahindi akanishika mkono kama mtoto. "Twende, mwanangu," akasema, tukavuka. Hakuuliza kitu, nadhani amevusha wengi.

Nakwambia hili ili usishtuke ukijiona mjinga kwa mambo madogo. Kelele, umati wa Mwembe Tayari, watu wote kulipa kwa simu, mlango unaoufungua mwenyewe. Utazoea.

Amua kabla ya kutoka utalala wapi usiku wa kwanza, na pasiwe maskani, kile kijiwe ulipokamatiwa. Kama nyumbani hapana nafasi, tafuta shangazi, ami, rafiki wa msikitini au wa kanisani, hata kwa siku chache. Usiku wa kwanza ukilala pale maskani, wa pili utaambiwa kuna "kazi ndogo".

Kama unameza dawa za HIV au za kifua kikuu, usitoke bila kadi yako na barua ya kukuhamishia kliniki ya nje. Usiruke hata siku moja.

Na kama ulikuwa ukitumia unga, yaani heroini, kabla ya kufungwa, soma hapa mara mbili. Mwili uliokaa miezi bila unga hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Mtu hutoka, hukaribishwa na wenzake kwa furaha, huvuta au hujidunga kiasi kilekile alichozoea, na pumzi hukata. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari kuliko zote. Nimezika kijana wa miaka 24 namna hiyo. Mombasa kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, huko Kisauni. Nenda hapo kabla ya kwenda kwa marafiki. Wala hakuna aibu ndani yake, ni dawa kama dawa nyingine.

Karatasi, kwa mpangilio huu

Kitambulisho kwanza, kwa maana bila hicho hakuna laini ya simu, na bila laini hakuna M-Pesa, na bila M-Pesa hapa mjini hakuna anayeweza kukulipa. Kikiwa kimepotea, chukua abstrakti, karatasi ya kuripoti kilichopotea, kituo cha polisi kisha nenda Huduma Centre, jengo la Posta, Digo Road. Fika mapema. Ukimaliza hapo, sajili laini, fungua akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hakikisha una PIN ya KRA, nambari ya mlipa kodi, na ujisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa kubonyeza *147#. SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kwa hiyo kadi yako ya zamani haikusaidii tena. Mambo haya yote yanaweza kuisha ndani ya wiki mbili kama una nauli na subira.

Mtaa

Hapa wengi hukosea. Mtu anarudi kimyakimya, anapita vichochoroni, anadhani akijificha watu watasahau. Mtaa hausahau. Mtungi wa gesi ukiibwa nyumba ya tatu, jina la kwanza kutajwa ni lako, na huna mtu wa kusimama upande wako kwa sababu hujazungumza na yeyote.

Nenda kwa mzee wa mtaa, na kwa chifu, ndani ya wiki ya kwanza. Usiende peke yako. Fuatana na mtu mzima anayeheshimika, mjomba, imamu, mchungaji, hata jirani mwenye mvi. Vaa nguo safi. Mimi nilikwenda na ami yangu. Hakusema mengi: "Huyu ni mtoto wetu. Amefungwa, amemaliza, amerudi. Likitokea jambo, niite mimi kwanza." Chifu akaandika nambari ya ami kwenye kitabu chake. Basi. Dakika kumi zile zimeniokoa mara nyingi.

Kama hukumu yako ina amri ya kuwa chini ya uangalizi wa polisi baada ya kutoka, na baadhi ya makosa ya unyang'anyi na uvunjaji huwa nayo, ripoti siku ulizoambiwa bila kukosa. Kukosa kuripoti ni kosa jipya.

Vipi kuhusu uliyemkosea? Usimwendee ghafla, hata kama moyo wako umejaa toba. Ukibisha hodi kwake atakachoona ni yule mtu wa usiku ule. Tuma mtu mzima aulize kama yuko tayari kukuona. Akikataa, kubali na umwache kwa amani. Mwenye bohari niliyovunja alikataa miaka miwili. Mwaka wa tatu alikubali, tukakaa barazani kwake, nikasema nililokuwa nalo. Hakunikumbatia. Aliniuliza mbao zangu nanunua wapi, tukazungumza habari ya bei ya mbao mpaka adhana.

Kazi

Gawa kazi za Mombasa mafungu mawili kichwani mwako. Fungu la kwanza ni zile ambazo karatasi huamua: bandarini Kilindini na kwenye yadi za makontena, ulinzi, udereva wa matatu na tuktuk, shule, hoteli nyingi za Nyali na Shanzu. Huko utadaiwa cheti cha tabia njema, karatasi ya polisi inayoonyesha kama una hukumu, karibu mara zote. Fungu la pili ni zile ambazo mtu huamua: mjengo, karakana za jua kali, ushonaji, kupakia na kupakua Kongowea, kutengeneza simu, jikoni za watu, upakaji rangi. Mwaka wa kwanza usipoteze nguvu kugonga milango ya fungu la kwanza. Nenda kwa watu wanaoweza kukutazama usoni na kuamua.

Mimi sikufanya hivyo. Nilipata kazi ghala moja huko Changamwe, nikaficha habari ya jela. Nikafanya miezi mitatu, nikapendwa, hata nikapewa ufunguo wa ofisi. Kisha wakasema kila mfanyakazi alete cheti cha tabia njema. Nikatoa visingizio wiki mbili. Siku waliyojua, msimamizi hakukasirikia kosa langu la zamani, alikasirikia ufunguo. "Ungeniambia mwanzo," alisema, "ningekupa kazi ya nje, ungeingia ndani pole pole." Nilitembea kwa miguu mpaka Mshomoroni siku ile.

Tangu hapo husema ukweli mimi kwanza. Unausema kwa ufupi, mambo matatu: nilifanya nini, nilifungwa muda gani, tangu nitoke nafanya nini. Usisimulie hadithi ndefu ya umaskini, usilaumu marafiki, usilie. Sentensi tatu, halafu nyamaza umwache mwenzako afikiri. Kimya hicho ni kigumu. Kivumilie.

Mara ya kwanza kusema hivyo ilikuwa Kibokoni, Mji wa Kale. Bi mkubwa mmoja alitaka fundi wa milango. Mvua za masika zilikuwa zimeivimbisha. Nikafika na begi la vifaa, nikavua viatu, na kabla sijavuka kizingiti nikamwambia: "Shikamoo mamangu. Kabla sijaingia, ujue nilifungwa miaka 4 kwa kuvunja na kuiba. Nimetoka mwaka jana. Sasa ni seremala."

Alikuwa ameshika tasbihi. Zikapita punje tano au sita. Akanitazama mikono, si uso, akatazama na begi, mpini wa randa ukichungulia. Mle ndani nikiona kabati la vioo, saa ya ukutani, redio.

"Marahaba," akasema. "Basi utaanza na mlango wa uani. Wa mbele utangoja."

Nikazunguka nyuma. Mlango wa uani ulikuwa wa mbao hafifu, ukikwaruza sakafu mpaka umechora nusu duara kwenye saruji. Nikafungua bawaba, nikaulaza juu ya ndoo mbili, nikapiga randa chini milimita tatu, nikapitisha msasa, nikatia mafuta ubavuni ili usinywe maji tena. Nikaurudisha. Ukawa unafunga kwa kidole kimoja. Bi mkubwa akaja akausukuma, akauvuta, akausukuma tena, mara nne. Akanilipa nilichotaja bila kupunguza, akaniagiza kiti kilichovunjika mguu. Kiti nikakitengenezea karakana, si kwake. Nikafahamu kwamba nyumba ile ina milango mingi na mimi nimepewa wa kwanza.

Kwa hiyo ukipewa kazi ndogo chini ya ujuzi wako, usione umedharauliwa. Mtu anakupima kwa kitu ambacho akikipoteza hataumia sana, na ana haki hiyo. Kosa lingekuwa ni wewe kususa.

Cheti cha tabia njema

Unaomba kupitia eCitizen, ada ni shilingi 1,050, unachapisha fomu na kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Hapa mjini Huduma Centre wanafanya. Cheti hutolewa na DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai. Kama una hukumu, rekodi yako ipo pale pamoja na alama zako, na hakuna wakala wa mtaani anayeweza kuifuta. Wapo wanaochukua elfu tano, elfu kumi, wakikupa karatasi ya kughushi. Ukikamatwa nayo umejifungulia kesi mpya, tena safari hii ya kughushi. Nakusihi, usiwape hata shilingi.

Nchi nyingine, kama Uingereza, zina sheria (yao ni ya 1974) ambayo baada ya muda huhesabu hukumu nyingi kuwa zimekwisha. Sisi hatuna sheria ya jumla ya namna hiyo, na hilo linaniuma, kwa sababu aliyekosa akiwa na miaka 19 anabeba karatasi ileile akiwa na 45. Njia zilizopo ni chache. Kama una sababu ya kukata rufaa, ongea na wakili mapema. Muda wa kawaida ni siku 14 baada ya hukumu, na ukichelewa lazima uombe ruhusa ya mahakama. Ibara ya 133 ya Katiba ya 2010 humruhusu Rais kusamehe akishauriwa na kamati maalumu, lakini usijenge maisha yako juu ya tumaini hilo. Kituo cha Sheria na MUHURI, mashirika ya msaada wa kisheria na haki za binadamu, wote wana ofisi hapa Mombasa, na ni mahali pazuri pa kuuliza kabla hujalipa yeyote.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: kama kesi yako iliondolewa au uliachiliwa huru, na bado inaonekana kwenye rekodi, una haki ya kuisahihisha. Ibara ya 35 ya Katiba inasema habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayokudhuru irekebishwe au ifutwe. Nenda mahakama iliyosikiliza kesi, omba nakala ya uamuzi yenye muhuri, upeleke DCI. Fuatilia mpaka mwisho.

Pesa na daftari

Mkopo wa kwanza uwe mdogo. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, kwa *254#, huanzia shilingi 500, na wanachotazama ni ulivyolipa mikopo yako. Lipa kabla ya siku yake, kiwango kitapanda. Nje ya hapo kuna mchezo wa pesa wa mtaani. Usiombe kupokea wa kwanza. Omba kupokea wa mwisho. Wenzako wataelewa unachosema.

Zaidi ya pesa, nunua daftari. La jalada gumu, la bei ya kawaida tu. Kila kazi, hata ya shilingi 200, iandike: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, jina la mwenye kazi, nambari yake, kazi yenyewe, malipo, na umwombe atie sahihi. Ukurasa wangu wa kwanza una mistari saba tu kwa mwezi mzima. Lakini baada ya mwaka mmoja nilipotaka kupewa oda ya madawati, mkononi nilikuwa na watu 60 wa kupigiwa simu. Hakuna aliyeniuliza cheti.

Ukishapata mzunguko wa kazi, rudi NITA ufanye gredi inayofuata. Kama ujuzi wako uliupata mtaani bila darasa, uliza habari ya kutahiniwa kwa ujuzi ulio nao tayari. Na ujiandikishe kupiga kura. Kumaliza kifungo hakukunyimi kura. Wanaozuiwa ni waliohukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyopita.

Wenzako wa zamani

Watapiga simu. Wengine ni watu wema waliokuletea sabuni jela, na hapo ndipo pagumu. Mimi huonana nao mchana, karakanani, mbele ya wanafunzi wangu. Usiku sitoki. Anayetaka kuniona kweli huja mchana.

Siku watakapokuja kukukamata bure

Wanaweza kuja. Duka likivunjwa mtaani, majina ya zamani hutafutwa. Usikimbie, usibishane. Una haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama muda huo unaishia saa zisizo za kazi. Yote yako Ibara ya 49 ya Katiba. Kariri nambari mbili za simu kichwani, maana simu yako itachukuliwa. Na hakikisha mtu wa nyumbani anajua daftari liko wapi.

Mimi walinijia karakanani saa kumi na moja jioni. Bohari ilikuwa imevunjwa mchana ule. Kituoni nikanyamaza, nikamwomba afisa nipige simu moja, nikampigia mke wangu. Akaja na daftari. Afisa akafungua ukurasa wa siku ile, akasoma mstari wa mwisho: saa mbili asubuhi, Kibokoni. Saa ya kumaliza haikuwa imeandikwa. Akapiga nambari iliyokuwa kando, akaweka sauti ya nje.

"Ndiyo, alikuwa kwangu kutwa," sauti ya bi mkubwa ikasema. "Ameung'oa mlango wangu wa mbele, akasema anakwenda kuchukua bawaba na kurudi. Sasa magharibi yaingia na nyumba yangu iko wazi. Mwacheni aje aufunge."